Rafadha ya bakteria: jibu kwa fundi wa mashine za boti

SWALI: Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Mombasa, upande wa Tudor. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, amenionyesha katika kitabu chake kwamba kuna bakteria walio na mota inayozunguka, yenye shafti na rafadha, kama hizi ninazozifungua kila siku. Nimekubali kwa shingo upande. Naomba kuuliza: mota hiyo hutumia mafuta gani? Boti nikizima mashine huendelea kuteleza masafa kadhaa kabla ya kusimama. Bakteria naye huteleza kiasi gani? Na hurudije nyuma, ikiwa hana gia?

JIBU: Nakushukuru, fundi. Wengi wanaoniuliza habari za bakteria hutaka tu kujua dawa ya kuwaua, na ni nadra kupata swali kutoka kwa mtu anayeijua mashine kwa mikono yake. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu bila hilo mengine mawili hayaeleweki. Jibu lake ni kwamba bakteria akizima mota hatelezi. Ukipiga hesabu utaona kuwa umbali anaousogea baada ya mota kuzimika haufiki hata sehemu moja ya kumi ya upana wa atomu ya hidrojeni, na kwamba huwa ameshasimama kabla ya kupita sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Boti yako inapokaribia gati unazima mashine mapema, kwa kuwa unajua uzito wake utaipeleka mbele. Tabia hiyo ya kitu kilicho katika mwendo kung'ang'ania mwendo wake ndiyo inayoitwa inesha. Kinachoipinga ni mnato wa maji, yaani ule ugumu wa tabaka moja la maji kuteleza juu ya jingine. Mshindi kati ya hivyo viwili hutegemea ukubwa wa chombo, kasi yake na aina ya kiowevu, na wanafizikia huupima ushindani huo kwa tarakimu moja iitwayo namba ya Reynolds, kwa heshima ya Osborne Reynolds, mhandisi wa Manchester aliyechunguza mtiririko wa maji ndani ya mirija ya kioo mwaka 1883. Kwa boti ya mita 6 inayokwenda mita 5 kwa sekunde, namba hiyo ni kama milioni 30, kwa hiyo inesha ndiyo inayotawala na mnato hauna sauti kubwa. Kwa bakteria aitwaye Escherichia coli, mwenye urefu wa mikromita 2 (mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kasi ya mikromita 30 hivi kwa sekunde, namba hiyo ni takriban 0.00006. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kimo cha anayeogelea.

Ili uione tofauti hiyo kwa macho, linganisha gilasi ya chai na sufuria ya halua. Ukikoroga sukari katika chai kisha ukatoa kijiko, chai huendelea kuzunguka, na majani yaliyoponyoka kwenye chujio huzunguka pamoja nayo. Sasa simama karibu na mpishi wa halua wakati wanga umeshashika na anausukuma mwiko kwa mikono miwili: mkono ukitulia, sufuria nzima imetulia, wala hakuna punje ya iliki inayosogea kupita pale mwiko ulipoiacha. Bakteria huishi ndani ya maji kama mwiko unavyoishi ndani ya halua hiyo. Tena mfano huu una huruma. Kama tungetaka mtu mzima aogelee katika hali hasa ya bakteria, tukamtia ndani ya tangi la asali, ingebidi aende kwa kasi ya milimita moja hivi kwa saa.

Nisieleweke kwamba bakteria asiye na mota hukaa tuli kama jiwe. Molekuli za maji humgonga kutoka kila upande bila kukoma, naye hutikisika na kugeuzwa ovyo. Hata anapoogelea, zikipita sekunde kumi hivi huwa ameshapotoshwa kabisa na mwelekeo aliouanza. Hata hivyo, huko ni kusukwasukwa, si kuteleza kwa mwendo wa awali unaouzungumzia wewe.

Katika dunia ya namna hiyo njia nyingi tunazozijua za kuendesha chombo hazifai kitu. Chukua kasia. Baharini unaweza kulipiga kwa nguvu upande mmoja na kulirudisha polepole bila kulitoa majini, na bado chombo kikaenda, kwa sababu pigo la haraka huyatupa maji nyuma na maji hayo huondoka na mwendo wake. Ndani ya halua haraka haisaidii. Kasia gumu likienda na kurudi kwa njia ile ile, chombo husogea mbele hatua moja kisha hurudi nyuma hatua ile ile, hata kama kwenda kulikuwa kwa kishindo na kurudi kulikuwa kwa kunyata. Mwanafizikia wa Marekani, Edward Purcell, alilieleza jambo hili katika mhadhara wa mwaka 1976 kwa mfano wa kombe wa baharini anayefungua na kufunga magamba yake: kombe huyo angekuwa mdogo kama bakteria, angefungua na kufunga siku nzima na asiondoke alipo. Anayetaka kwenda lazima afanye mwendo ambao, ukirudishwa kinyumenyume, haufanani na ule wa kwanza, na mwendo mmojawapo wa namna hiyo ni kuzungusha kitu kilichojipinda kama skrubu.

Hapa jina tulilozoea vitabuni limetupotosha kidogo. Tunauita mkia wa bakteria mjeledi, na mwanafunzi akisikia mjeledi huchora kitu kinachochapa huku na huku kama mkia wa kiluwiluwi. Mjeledi wa bakteria hauchapi. Ni uzi wa protini wenye unene wa nanomita 20 hivi (nanomita 1 ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), wenye urefu unaoweza kuwa mara kadhaa ya ule wa mwili wenyewe, na umejisokota kwa umbo la springi iliyovutwa. Umbo hilo ni imara kiasi cha kutosha kuzunguka bila kukunjuka, nao huzunguka mzima mzima, kuanzia shinani hadi nchani.

Kwa nini springi inayozunguka isukume chombo? Jaribu jambo hili nyumbani. Jaza asali katika gilasi ndefu iliyo safi, uitumbukize pini ikiwa wima, kisha nyingine ikiwa imelala. Ile ya wima hushuka kwa kasi inayokaribia maradufu ya ile iliyolala, kwa sababu kitu chembamba hupata ukinzani mdogo kinapokwenda kwa urefu wake kuliko kinapokwenda kwa ubavu. Sasa tumbukiza ya tatu ikiwa mshazari. Hii haitashuka moja kwa moja: itashuka huku ikiteleza upande, ikifuata zaidi njia ya urefu wake, ingawa uzito unaivuta chini wima. Siri yote ya mjeledi imo katika pini hiyo ya tatu. Kila kipande kidogo cha springi kimekaa mshazari kwa mhimili wake, na mota inapokizungusha, kipande hicho hulazimishwa kwenda kwa ubavu. Lakini ukinzani wa maji haukipingi kwa kunyooka, bali huinamia upande mmoja, na sehemu ya ukinzani huo huangukia kwenye mhimili. Ukijumlisha vipande vyote vya mzunguko mzima, misukumo ya pembeni hufutana kwa kuwa kila kimoja kina mwenzake wa upande wa pili, ila ile ya kwenye mhimili hujumlika, na bakteria husogea. Boti yako huenda kwa kuyatupa maji nyuma. Bakteria hatupi kitu, bali huutumia ukinzani wenyewe kama mahali pa kujishikilia.

Mshiko huo, lakini, ni hafifu. Wewe unajua kwamba rafadha hupigwa chapa ya namba mbili, na ile ya pili hueleza ni inchi ngapi rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza, kama parafujo inavyosonga ndani ya mbao. Mjeledi wa Escherichia coli nao una namba yake ya pili, ambayo ni zaidi kidogo ya mikromita 2. Ukizunguka mara 100 kwa sekunde ungepaswa kumpeleka bakteria zaidi ya mikromita 200 kwa sekunde, naye huenda 30 tu. Sehemu kubwa ya mzunguko hupotea kwa kuteleza, na mteja akikuletea rafadha yenye hasara ya kiasi hicho ungemwambia aitupe. Juu ya hayo, kwa kuwa hakuna cha kuuzuia mwili, mjeledi ukizunguka upande huu mwili wa bakteria hubiringika upande ule, polepole zaidi kwa sababu ni mnene.

Shingo yako ikiwa bado iko upande, hauko peke yako, kwani hata wanasayansi walichelewa kuamini kwamba kiumbe hai kinaweza kuwa na kiungo kinachozunguka bila kikomo. Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja hiyo mwaka 1973, na mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon wakaionyesha kwa njia ambayo fundi yeyote angeipenda. Waliwachukua bakteria wakaugandisha mjeledi kwenye kioo cha hadubini kwa kutumia kingamwili zinazoushika, ili mjeledi usiweze kuzunguka. Shafti ikibanwa, mota ikawaka, ni lazima mashine yenyewe ndiyo izunguke. Na kweli, chini ya hadubini ya kawaida, miili ya bakteria ilionekana ikizunguka mahali pamoja kama feni, mara kulia, mara kushoto. Mkia unaochapa huku na huku haungeweza kuleta mzunguko wa namna ile.

Mota yenyewe imekaa ndani ya ngozi ya bakteria na ina upana wa nanomita 45 hivi. Katika unene wa unywele mmoja wa mikromita 70 ungeweza kupanga zaidi ya mota 1,500 bega kwa bega. Kuna shafti inayopita katika matabaka ya ngozi, na katika aina nyingi kuna pete zinazoishika shafti hiyo kama beringi pale inapotoboa tabaka la nje. Kwa ndani, shafti imeungana na pete kubwa inayozunguka. Kwa nje, kati ya shafti na mjeledi, kuna kiungo kifupi kilichopinda, kinachofanya kazi ile ile ya kiungo cha propela shafti ya lori: hupokea mzunguko upande mmoja na kuutoa kwa pembe nyingine. Kandokando ya pete kubwa kumepangwa vijimashine vya protini, nitakavyoviita vizungushi, ambavyo vimefungwa kwenye ukuta wa seli ili visizunguke pamoja na pete. Escherichia coli anaweza kuwa navyo 11 au zaidi katika mota moja, navyo huingia na kutoka huku mota ikiendelea kufanya kazi. Mzigo ukizidi, vingi hujiunga. Mzigo ukipungua, baadhi huondoka. Mimi huona hili ni jambo la ajabu kuliko mzunguko wenyewe, kwa maana sijui mashine ya boti inayojiongezea silinda ikiwa njiani.

Sasa tuje kwenye mafuta. Mota hii haichomi kitu. Fikiria tangi la maji juu ya paa, kama yalivyo majumbani mwetu: pampu hutumia umeme kuyapandisha maji, kisha maji yakishuka yanaweza kufanya kazi yakiwa njiani. Bakteria hutumia nishati ya chakula chake kusukuma chembe zenye chaji kutoka ndani ya seli hadi nje, na chembe hizo hutafuta njia ya kurudi, kwa sababu nje ni nyingi na kwa sababu ndani kuna chaji hasi inayozivuta. Njia mojawapo ya kurudi hupita ndani ya vizungushi, na kila chembe inayopita hukisogeza kizungushi hatua moja. Kwa Escherichia coli chembe hizo ni protoni, na mzunguko mmoja wa mota hugharimu protoni elfu moja hivi. Msukumo wa jumla ni wa millivolti 150 kwa kadirio, ambao fundi umeme angeucheka, mpaka akumbuke kwamba umewekwa kwenye utando wenye unene wa nanomita 5 tu. Ukigawanya, unapata volti milioni 30 kwa kila mita, yaani mara kumi ya kiwango kinachotosha kupiga cheche hewani.

Na hapa bahari yetu inaingia. Jamii ya bakteria waitwao Vibrio, ambao wengi wao hukaa katika maji ya chumvi na ndani ya chaza, na ambao mmoja wao ndiye aletaye kipindupindu, huendesha mjeledi wao mkuu kwa sodiamu badala ya protoni. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni sodiamu na kloridi, kwa hiyo bakteria hawa huogelea ndani ya tangi lao la mafuta. Ukiwaondoa katika chumvi ukawaweka kwenye maji yenye sodiamu chache, mjeledi huo hupunguza kasi, na sodiamu ikizidi kupungua husimama. Vibrio alginolyticus, wa baharini, ndiye mwenye mota ya kasi zaidi kati ya zilizopimwa vizuri: mizunguko hadi 1,700 kwa sekunde, ambayo kwa hesabu ya mashine zenu ni 102,000 kwa dakika. Mashine ya boti ikifunguliwa mafuta yote huzunguka 5,000 au 6,000. Bakteria huyo huyo, akitua juu ya kitu au akiingia kwenye maji mazito, huota mijeledi mingine mingi ubavuni, na hiyo huendeshwa kwa protoni. Yaani ana mashine mbili za mafuta mawili tofauti katika chombo kimoja.

Kuhusu gia, umesema bakteria hana, na miaka kumi iliyopita nisingekuwa na jibu zuri. Picha za vizungushi zilizochapishwa tangu mwaka 2020 zinaonyesha kwamba kila kizungushi kimeundwa kwa protini tano zilizozizingira nyingine mbili, na umbo hilo linaelekeza kwamba zile tano huzunguka zile mbili, kwa upande mmoja tu daima. Kizungushi, basi, ni kigia kidogo kinachoisukuma pete kubwa. Wewe unajua kwamba kigia kidogo kikiuma gia kubwa kwa ukingo wake wa nje, gia kubwa huzunguka kinyume chake. Kikiiuma kwa ukingo wa ndani, zote mbili huzunguka upande mmoja. Bakteria anapotaka kugeuza, protini ndogo ya ujumbe hujishika kwenye pete kubwa, pete hubadili umbo lake, na vizungushi ambavyo vilikuwa vikiiuma kwa nje hujikuta vikiiuma kwa ndani. Hakuna kinachozimwa. Fungua sehemu ya chini ya mashine yako, pale penye gia mbili zinazotazamana na klachi katikati yake, uone jinsi injini inavyozunguka upande mmoja siku zote na kinachobadilika ni gia ipi imeshikwa. Utakuta wazo hilo hilo, ingawa sehemu zake si sawa.

Wanavyoitumia gia hiyo hutofautiana. Escherichia coli ana mijeledi minne hivi, na yote ikizunguka kinyume cha saa hujikusanya nyuma yake kuwa fungu moja, naye huenda mbele kwa sekunde moja kwa wastani. Mmoja au zaidi ukigeuza, fungu hufumuka, bakteria hubingirika mahali pamoja kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha hushika njia mpya asiyoichagua. Akiona chakula kinazidi kadiri anavyokwenda, huchelewesha kubingirika. Hivyo ndivyo anavyofika.

Vibrio alginolyticus ana mjeledi mkuu mmoja tu, wala hawezi kufumua fungu asilokuwa nalo. Yeye hurudi nyuma kwelikweli, mjeledi ukimvuta badala ya kumsukuma. Anapoanza tena kwenda mbele, kile kiungo kilichopinda, ambacho kilikuwa kimenyooshwa kwa kuvutwa, hubanwa ghafla kwa msukumo, kikashindwa, kikajikunja, na mwili mzima ukarushwa upande kwa pembe inayokaribia digrii 90.

Binti yako akipata hadubini ya shule inayokuza mara 400, aweke tone la maji ya mkondo wa Tudor yaliyokaa siku moja na kipande cha jani ndani yake. Mjeledi hatauona, kwa kuwa wimbi la nuru lenyewe ni pana mara 20 au zaidi kuliko uzi huo. Ataona vijidoa vinavyokimbia. Achague kimoja, akifuate mpaka kisimame, atazame kama kimeteleza.